Mto wa Kahawa, Mto wa Maziwa

Tunduma,
Jumapili, 4 Mei 2025

Shangazi Elizabeti,

Shikamoo. Natumaini mvuno umeanza vizuri na mgongo umetulia. Mimi mzima. Duka linakwenda, barabara ya mpakani imejaa malori, na tangu asubuhi nachapisha hati za mizigo. Barua hii nampa kondakta wa Kosta, ataiacha kwa Jenista dukani hapo Mlowo. Simu unayo, najua, lakini ulishasema shida ya mtu haisikiki vizuri kwenye simu, basi hii hapa kwa karatasi.

Nina swali la kahawa. Usicheke.

Unakumbuka Krismasi nilikuonyesha ule mchezo wa kompyuta wa kujenga dunia kwa matofali, ukauliza mbona ng'ombe wake wana pembe nne kila mahali? Mchezo ule unamruhusu mtu kuandika nyongeza yake, vitu ambavyo wenye mchezo hawakuviweka. Mimi naandika nyongeza ya kwetu, yenye mibuni, maghala na vilima vya Mbozi. Humo ndani nataka mito miwili: mmoja wa maji ya kuoshea kahawa, mwingine wa maziwa. Sitaki rangi tu, shangazi. Nataka itembee kweli, mtu achote kwa ndoo akamwage kwingine, na itiririke.

Sasa niambie: yale maji ya kwanza ya mferejini, yenye ulenda, yanakwendaje? Yana haraka au yanajivuta? Kompyuta inataka namba, ila wewe nipe maneno, namba nitazitafuta mwenyewe.

Shida ya pili siyo ya kahawa. Tangu Februari nilipoongeza hiyo mito, nikiufungua mchezo unajifunga wenyewe kabla sijaona hata jani moja. Unaniachia orodha ndefu ya makosa. Nimebadilisha hiki na kile mpaka kichwa kinauma. Mwenzangu anayenichorea picha anasubiri, na mimi niliahidi.

Kijana wako,
Boazi


Mlowo,
10 Mei 2025

Boazi mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe.

Maji ya kwanza hayana haraka. Yanajivuta kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Ukiyapa mteremko yanakwenda, ukiyanyima yanasimama na kutoa povu, na ukiingiza mkono unatoka unateleza. Maji ya pili ni mepesi. Ya tatu unaona mbegu zimelala chini. Andika hivyo kwenye kompyuta yako, na kama haielewi, ilete hapa niitie mkono ndani.

Mimi nimesimamia mfereji wa kahawa miaka ishirini na sita. Kwanza kumenya, kisha kuvundika, kisha kuosha, kisha kuanika. Kijana akiniharibia kahawa simuulizi amefanya nini, namuuliza amefanya kipi kwanza. Kuna kitu umeanika kabla ya kumenya, mimi nahisi. Nikopie hiyo orodha ya makosa. Kwa mkono, na kwa Kiswahili. Nimesoma ripoti za mabwana shamba maisha yangu yote, hiyo haiwezi kuwa ngumu kuliko zile.

Halafu huyo mwenzako hana jina? Umemtaja kondakta, umemtaja Jenista, hata ng'ombe wa pembe nne umemtaja. Yeye peke yake hana jina. Una miaka ishirini na nane, Boazi. Mtu asiye na jina kwenye barua ya kijana wa umri huo mimi namjua ni wa aina gani.

Shangazi yako,
Elizabeti


Tunduma,
11 Mei 2025

Nyanzobe,

Habari za Kamsamba na joto lenu? Baba hajambo? Ng'ombe je?

Picha zako zimefika salama. Ile ya maziwa yanayotembea imenishinda kwa uzuri. Wewe na daftari lako la miraba! Watu wa mijini wana mashine za kuchorea, na hawajui kuweka weupe wa aina tano kwenye miraba kumi na sita kwa kumi na sita. Nikikumbuka siku ile ulipokuja dukani kutoa fotokopi ya michoro ya vitambaa vyako, nasema kweli nilidhani ni mtu wa kompyuta mwenzangu. Kumbe ni maua ya kufuma.

Ile ya ghala ilinitokea zambarau na nyeusi, ukawa na wasiwasi. Kosa si lako. Niliiweka kwenye folda siyo, na mchezo usipoiona picha hupaka zambarau. Sasa iko sawa.

Mito inakaribia. Imebaki kidogo tu. Neno langu bado ni lilelile: siku itakapotiririka, nitakwambia lile jambo.

Naomba picha moja ya mwisho. Mto wa kahawa na mto wa maziwa ikikutana, mchezo unataka kujua panatokea tofali gani hapo. Wewe unaonaje?

Boazi


Kamsamba,
25 Mei 2025

Boazi,

Sisi wazima. Baba anasalimu. Ng'ombe nao wangesalimu, lakini wamekwenda majini.

Nimesoma "imebaki kidogo tu". Nimetoa barua zako zote chini ya godoro nikahesabu. Hii ni mara ya tano. Ulianza Februari. Tangu hapo ndama wa yule ng'ombe mwekundu amezaliwa, amesimama, amenyonya, na sasa anakula majani. Kidogo chako kina afya nzuri.

Sina budi nikuambie jambo, na nitaliandika haraka kabla sijabadilisha nia. Ferdinand, yule anayeuza dawa za mifugo, amezungumza na baba. Ana pikipiki, anaimba besi kwaya, na sindano zake haziwaumizi ng'ombe. Hana ubaya wowote, na hilo ndilo linanikera. Baba hanilazimishi. Amesema tu kwamba mtu akiuliza kwa heshima, ajibiwe kwa heshima, na amenipa hadi mwisho wa Juni.

Wakati mwingine nafikiri labda nyumbani kwenu huko Mbozi hawamtaki binti wa wafugaji, wewe unaona haya kusema, ndiyo maana mto hautiririki. Kama ni hivyo, niandikie. Sitakufa. Nitalia siku mbili, kisha nitafuma.

Tofali la mahali mito inapokutana sitalichora sasa. Sijui panatokea nini hapo, na mimi sichori nisichokijua.

Nyanzobe Masumbuko


Tunduma,
Jumapili, 1 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Anaitwa Nyanzobe. Ni mfumaji wa vitambaa, na katika mchoro mmoja anaweka weupe wa aina tano. Baba yake ni Mzee Masumbuko, Msukuma, wanaishi Kamsamba, nyumba ya tatu baada ya josho. Haya, umeshinda.

Nakwambia yote. Nilimwambia kwamba siku mito itakapotiririka nitakuwa na neno. Anajua ni neno gani. Mimi najua kwamba anajua. Lakini shangazi, ningemwendea na nini? Wenzangu wana viwanja, wana mashamba ya kahawa yanayozaa. Mimi nina mchezo usiofunguka. Nikasema kwanza nimalize kitu kimoja cha kueleweka, kitu chetu sote wawili, halafu ndipo niseme. Sasa kuna mwingine ameshasema, tena mtu mzuri, na nimebakiwa na mwezi mmoja. Naogopa, shangazi.

Orodha ya makosa hii hapa, kwa mkono na kwa Kiswahili. Ni mistari mia na kumi, lakini yote inasema jambo moja. Kompyuta inasoma maandishi yangu kuanzia juu kwenda chini. Inafika kwenye maziwa. Nimeiandikia: *tengeneza maziwa, na ndoo yake ni hii, leta ndoo*. Inakwenda kuitafuta ndoo. Ndoo haipo, haijatengenezwa bado. Inaanguka.

Basi nikaipandisha ndoo juu, itengenezwe kwanza. Nayo nimeiandikia: *tengeneza ndoo, na kilichomo ni hiki, leta maziwa*. Inakwenda kuyatafuta maziwa. Hayapo. Inaanguka tena.

Nikiweka hili mbele, linalilia lile. Nikiweka lile mbele, linalilia hili. Nimegeuza mara arobaini. Wewe uliniuliza nimefanya kipi kwanza. Hakuna cha kwanza, shangazi. Kila kimoja kinataka mwenzake awe amefika.

Wako aliyechoka,
Boazi


Mlowo,
14 Juni 2025

Boazi mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea jirani yangu Mzee Zabron, naye akaniomba nirudie palipoandikwa leta.

Babu yako alimwoa vipi bibi yako? Nisikilize. Alimtuma mshenga na jembe. Siku ile bibi yako alikuwa ameshafika kwa babu yako? Hakufika. Nyumba ilikuwa imejengwa? Hata mti wa nguzo ulikuwa haujakatwa. Mshenga alikwenda na neno tu: kwa fulani kuna kijana. Na wale wakampa neno: hapa kwetu yupo binti. Hakuna aliyesema mlete hapa nimshike kwanza ndipo nikubali. Wangesema hivyo, wewe usingekuwepo wa kunisumbua. Kila upande ulishika jina la mwenzake, ukaenda kujiandaa. Siku ilipofika, kila mtu tayari, ndipo jina likaitwa na mtu akatoka.

Wewe umeandika leta, leta. Unamtaka bibi harusi siku ya mshenga. Futa leta. Maziwa yapewe jina la ndoo, ndoo ipewe jina la maziwa, na waambiwe waitane baadaye, wakishakuwepo wote. Kama kompyuta haina njia ya kutuma mshenga, basi ni chombo kijinga na uiuze.

Hayo ndiyo ya kompyuta. Ya kwako nayo nimeyaona, nimecheka, kisha nikakasirika kidogo, kisha nikacheka tena. Ati mpaka mto utiririke! Baba yako marehemu naye alikuwa hivyo. Alitaka kuezeka bati kwanza. Mimi ndiye niliyemsukuma.

Mibuni ya nyuma itachumwa na majirani. Nina safari ndogo wiki ijayo, usiniandikie sitakuwepo.

Shangazi yako,
Elizabeti


Tunduma,
Jumapili, 22 Juni 2025

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo, na nasema shikamoo nimesimama.

Njia ya kutuma mshenga ipo! Ilikuwepo siku zote. Badala ya kuandika *leta ndoo*, unaandika *ndoo nitaiulizia kwa jina hili, wakati wake ukifika*. Tofauti ni alama chache tu. Nilifuta leta zote nne, mbili za maziwa na mbili za kahawa, nikaweka majina, nikafungua mchezo, nikafumba macho. Kimya. Nikafumbua jicho moja. Niliona majani, shangazi. Niliona vilima. Haukujifunga.

Nikachota ndoo ya maji ya kahawa, nikaimwaga juu ya kilima. Yakatembea! Yanajivuta kabisa, kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Nilipiga yowe mpaka mteja akaangusha fotokopi zake. Dereva mmoja wa Kizambia aliyekuwa anasubiri hati zake alichungulia skrini, akaona maji ya kahawia yanashuka polepole, akanishika mkono akasema, "Mwabombeni!", ndivyo wanavyompongeza mtu kwa kazi. Hakujua kazi gani, lakini alifurahi kweli.

Halafu nikamwaga maziwa. Hayo sasa yaligoma kusimama. Yalifunika bonde, yakapanda barabara, yakaingia ndani ya kanisa nililolijenga kwa wiki mbili, na ng'ombe wote wakawa wanaelea wananitazama. Kumbe pale unapoandika maji yapungue kiasi gani kila yanapovuka tofali, niliacha sifuri. Hayakuwa na sababu ya kuchoka. Nimeweka moja kwa maziwa, mbili kwa kahawa, na sasa yanasimama kistaarabu. Kanisa nimelikausha.

Kwa hiyo nimekaribia kabisa. Ndoo ya maziwa inatokea zambarau, nitaitafutia folda yake. Nataka pia sauti ya mto. Nikishamaliza hivyo viwili, Jumapili ijayo, tarehe ishirini na tisa, namwandikia Nyanzobe neno langu. Juni inaisha Jumatatu. Nitawahi, shangazi. Imebaki kidogo tu.

Najua uko safarini. Utaisoma ukirudi, ucheke.

Boazi


Kamsamba,
Jumatatu, 23 Juni 2025

Boazi,

Kaa chini kama umesimama.

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, basi la Tunduma liliwashusha watu wawili pale kwenye josho. Mzee mmoja mwenye kofia, na mama mmoja mfupi aliyevaa sweta. Sweta, Boazi, katika joto hili. Nilikuwa nafuma kibarazani. Akaja moja kwa moja, akakitazama kitambaa, akanitazama uso, akasema, "Weupe wa aina tano. Ndiye huyu."

Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Baba akawakaribisha, wakanywa maziwa, wakaulizana habari za mvua ya Mbozi na ya Momba mpaka nikadhani wamekuja kwa ajili ya mvua. Ndipo akafungua kitenge. Jembe. Jipya, halina mpini. Akaliweka kizingitini.

Baba akalitazama. Akasema, "Mama, sisi hapa ni watu wa ng'ombe. Jembe la nini?"

"Kwetu jembe linasema kuna mtu," shangazi yako akajibu.

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Bado anakuja. Anatengeneza mto."

"Mto gani?"

"Wa maziwa."

Unajua baba yangu, ameswaga ng'ombe tangu hajaota meno ya pili. Akauliza taratibu, "Wa maziwa mama? Unatiririka?" Yule mwenye kofia, Mzee Zabron, akamwambia ndivyo unavyotakiwa, utiririke wenyewe, na mtu anachota kwa ndoo. Baba akaniangalia, akaliangalia jembe, akasema, "Huyo mtu aje. Ila nitamuuliza ng'ombe wake wako wapi."

Tulicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Shangazi yako akaeleza kwamba kwenu jembe likiachwa nje ni hapana, likiingizwa ndani ni ndiyo. Baba akasema jembe si lake, aulizwe mwenyewe. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na uzi mdomoni, Boazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa barua yako, sikujiandaa kwa mama mwenye sweta. Kabla sijajibu nikamuuliza swali moja tu: "Mto umeshatiririka?"

Akasema, "Sijui. Sikumuuliza."

Basi nikaweka kitambaa chini, nikalishika lile jembe kwa mikono miwili, nikaliingiza ndani mwenyewe. Ni zito.

Ferdinand nilimjibu jioni ileile, kwa heshima, kama baba alivyotaka. Alihuzunika muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akauliza harusini besi ataimba nani. Nimemwambia ni yeye.

Neno lako bado nataka kulisikia, usidhani umeponea hapo. Lakini njoo uliseme hapa, kwa mdomo, ukiwa umekaa mbele ya baba. Kama mto haujatiririka, njoo hivyohivyo.

Lile tofali la mahali kahawa na maziwa vinapokutana sasa nalijua. Limo ndani ya bahasha, miraba kumi na sita kwa kumi na sita. Nimelipaka rangi ya ukuta uliokandikwa leo, ambao haujakauka bado, maana hapo ndipo nataka tujenge. Liweke kwenye folda yake, lisije likatokea zambarau.

Jembe liko ndani, nyuma ya mlango. Halina mpini. Njoo nao.

Nyanzobe wako